Pumzika, Mama

Wewe umewahi kuambiwa pumzika mpaka ukachoka? Si uchovu wa kazi ninaousema, ule ambao mtu akilala unaisha. Ninasema uchovu wa kukaa. Huo huanzia mapajani, ukashuka magotini, kisha ukapanda mpaka kwenye ulimi, mtu akaona hata kufungua mdomo ni mzigo.

Mama Dobi alifua mashuka ya hospitali tangu ujana wake mpaka siku walipomwambia sasa basi, mama, umri umefika, na miaka yote hiyo uchovu wa namna hii hakuujua. Aliujua alipohamia kwa mwanawe, dereva wa lori la masafa marefu, akakalishwa kwenye kochi.

Lilikuwa kochi zuri, tusilisingizie. Kitambaa chake kilikuwa chekundu kilichoiva, sponji imejaa, mikono yake minene kama mito ya kulalia. Lakini lilikuwa chini mno, mtu akikaa magoti yanamkaribia kifuani, na lilikuwa laini mno, likikumeza halikutemi kirahisi. Dereva alilinunua kwa ajili ya mama yake peke yake. Mgeni akikosea akalikalia, aliinuliwa.

"Hilo la mama," Dereva alikuwa akisema. "Mama ameteseka vya kutosha. Sasa ni zamu yake kukaa."

Basi akakaa. Akinyoosha mkono achukue kikombe, kikombe kimeshaletwa mdomoni. Akishuka kuokota kitambaa kilichoanguka, kitambaa kimeshaokotwa na kukung'utwa. Akijikusanya ainuke aende dirishani, sauti inatoka chumbani: "Mama, unataka nini? Sema uletewe." Sasa angesema nini? Alitaka dirisha, na dirisha haliletwi.

Siku moja asubuhi, Dereva akiwa nyumbani, mama aliinuka kwenda msalani. Miguu ilimfikisha nusu ya kusimama, ikakataa. Akaporomoka katikati ya kochi na meza ndogo, nguo imempanda mapajani, mwanawe anamwona. Mfupa haukuvunjika hata mmoja. Kilichomwuma ni kule kufunikwa mapaja na mtoto wake wa kiume, huku anasema, "Pole mama, usiinuke tena peke yako."

Daktari alimpima, akaona yu mzima, akampeleka chumba cha mazoezi ya viungo.

*

Chumba kilikuwa mwisho wa korido. Ndani mlikuwa na mikeka, mipira mikubwa ya kukalia, vyuma vya uzito, na ngazi ya mbao iliyopanda pande mbili isiende popote. Mwenye chumba alikuwa binti aliyevaa raba na suruali ya michezo, wote wakimwita Dada wa Viungo. Kwenye pembe moja kijana mchezaji mpira, goti limefungwa, alikuwa akiinuka na kukaa kwenye stuli huku amekumbatia chuma kifuani, jasho linamdondoka kidevuni.

"Bibi, kaa hapa," Dada wa Viungo alimwambia Mama Dobi, akamwekea kiti cha mbao kisicho na mikono. "Kunja mikono kifuani. Sasa inuka, kama anavyofanya yule kaka."

"Bila kushika?"

"Bila kushika, bibi."

Mama Dobi akajikakamua. Makalio yakanyanyuka kidogo, yakarudi chini. Akavuta pumzi, akajaribu tena, yakarudi kwa kishindo kuliko mwanzo. Mchezaji mpira akaacha zoezi lake.

"Bibi, usitazame chini, tazama mbele," akasema. "Mimi juzi nililia hapo hapo ulipo."

"Ulilia wewe? Na mapaja yote hayo?"

"Nililia na kamasi juu."

Mama Dobi alicheka mpaka akaishiwa nguvu ile kidogo aliyokuwa nayo. Dada wa Viungo akachuchumaa mbele yake, akambonyeza paja kwa vidole, taratibu.

"Hapa hakuna ugonjwa, bibi. Moyo wako mzuri, mifupa yako mizuri. Ni misuli imekonda kwa kukaa. Mwili ukiona msuli hautumiki, hauulishi bure. Hata huyu kaka, akilazwa tu, paja linasinyaa tunaliona kwa macho. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Dobi. Wa hapa hapa."

"Mashuka mabichi?"

"Mabichi, ya wodi zote. Na kuyapandisha ngazi mpaka darini kuyaanika."

"Basi ulikuwa mazoezini maisha yako yote, hukuambiwa tu. Kazi ile ilikuchosha, sikatai, na ilikuumiza, lakini ndiyo iliyokusimamisha. Ulipoiacha hukupewa nyingine ya kushika nafasi yake. Sasa rudi nyumbani, ufanye kazi. Inuka, kaa, inuka, kaa, mpaka mapaja yawake. Fua vitu vidogo, beba ndoo nusu. Ukizoea, ongeza. Ni zoezi lile lile ninalompa huyu anayetaka kurudi uwanjani, wewe unarudi msalani kwako mwenyewe."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, funguo za lori zinalia mkononi.

"Samahani, dada. Mama yako yu hai?"

"Yupo."

"Anafua?"

"Anafua, na anabeba. Nikimnyang'anya ndoo ananitukana."

"Hayo ya kwenu," Dereva akasema. "Kwangu mama hafui."

Kwenye korido alimshika mama yake mkono kama anayebeba yai. "Vitoto vya juzi hivi," alinung'unika, "vinasomeshwa halafu vinakuja kutufundisha kuwatumikisha wazazi. Wewe pumzika, mama. Mimi nipo."

*

Dereva alikuwepo, lakini barabara nayo ilimtaka. Aliposafiri, nyumba ilibaki na Mama Dobi na mkwe wake, fundi cherehani, aliyeshona sare za shule barazani. Fundi alikuwa mwanamke wa maneno machache, midomo yake mara nyingi imebana pini.

"Mwanangu, nipe hizo nikukunjie," Mama Dobi alimwambia, lori likiwa halijamaliza hata kukata kona.

Fundi akatoa pini mdomoni. "Mama, mume wangu ataniua."

"Mume wako yuko barabarani. Mimi niko hapa, nakufa kwa kukaa."

Fundi aliangalia geti, akaangalia barabara, akamwangalia mkwewe. Kisha akaingia ndani akatoka na kiti cha mezani, akaweka juu yake mto, na juu ya mto mwingine.

"Tuanzie juu," akasema. "Ukiweza, tunatoa mto mmoja."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Mama Dobi aliinuka kwenye mito, akakunja shati, akakaa. Akainuka, akakunja suruali, akakaa. Mto wa kwanza ulipotolewa alitoa jasho kama aliyenyeshewa. Baadaye akahamia bombani. Khaki ya sare isipolowekwa kabla ya kukatwa, suruali ikifuliwa mara ya kwanza inampanda mtoto juu ya kifundo na mzazi anakuja kumtukana fundi; kwa hiyo kila mara palikuwa na khaki ya kuloweka, kukamua na kuanika. Na khaki ikishakunywa maji ni nzito, usiifanyie mchezo. Mama Dobi aliijua dawa yake. Alifunga upande mmoja kwenye nguzo ya bomba, akashika upande wa pili, akaisokota kwa kiuno na mapaja, mikono ikiwa ni ya kushikilia tu.

"Kumbe si mikono!" Fundi alishangaa.

"Mikono ingenifikisha wapi, mwanangu? Ningekuwa nimekwisha zamani."

Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani akitembea miguu imetanuka kama mtoto aliyejikojolea, uso unacheka.

"Yanawaka!"

"Nini, mama?"

"Mapaja! Yanawaka kama alivyosema yule binti."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Nipe hongera."

Ikafika siku akavuka kizingiti cha mlango wa nyuma bila kushika fremu, na beseni kichwani. Hakuna aliyemwona ila kuku wa jirani. Alisimama pale uani akijiona mrefu.

Lakini honi ya lori ikisikika mbali, mambo yote yaligeuka. Fundi anazoa karai, anaficha mito, na Mama Dobi anakwenda haraka kurudi kwenye kochi, anajitumbukiza, anaweka uso wa mgonjwa.

"Mikono yako mbona imekunjamana hivi, mama?" Dereva aliuliza safari moja, akiibusu.

"Uzee, mwanangu."

Barazani cherehani ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

*

Aliyewafumania hakuwa Dereva. Alikuwa binti mkubwa wa Mama Dobi, karani wa ofisi ya ardhi, mtu wa viatu vya kisigino na mkoba unaofanana navyo. Alikuja siku ya kazi bila taarifa, tena na mgeni, mkuu wake wa idara, aliyetaka kushonewa suti. Walipitia mlango wa uani kwa sababu geti la mbele lilikuwa na tope. Wakamkuta Mama Dobi amejifunga nguo kiunoni, miguu mitupu, karai la khaki kichwani, anaimba.

"Huyu msaidizi wenu amekula chumvi nyingi, lakini ana nguvu!" mkuu wa idara alisema kwa furaha. "Mmempata wapi? Namtafuta kama huyu."

Uso wa Karani ulibadilika rangi mara mbili. Kisha akamnyang'anya mama yake karai, khaki ikamwagikia viatu vile, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Umemfanya mama yangu mtumwa! Wewe! Mama yangu!"

Fundi alisimama na pini mdomoni. Hata akitaka kujibu, alipaswa kwanza kuzitoa moja moja.

*

Kikao kilikaa Jumapili alasiri. Shemeji wa Mama Dobi, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mkubwa, akapewa kiti karibu na mlango. Karani alikaa naye bega kwa bega. Dereva alisimama. Fundi aliachiwa stuli ya cherehani, chini kuliko wote. Mama Dobi alikuwa mahali pake, kwenye kochi, magoti juu.

"Mbele ya bosi wangu," Karani alisema. "Anamwita mama yangu msaidizi, ananiuliza tumempata wapi. Nimjibu nini? Ofisi nzima imeshajua."

"Wifi, ni mama mwenyewe ndiye—"

"Usiniite wifi. Uliolewa hapa upate mfanyakazi wa bure?"

Shemeji akainua mkono. "Polepole. Tumsikie mwenye nyumba."

Dereva aliangalia sakafu.

"Mimi shuleni nilikuwa naitwa Mashuka," akasema. "Hamkujua, eh? Nikipita wanaziba pua. Mama akirudi jioni vidole vimepasuka kwa dawa za kufulia, kijiko hakishikiki, mimi namlisha. Mimi, mtoto. Nikaapa. Nikipata kazi, mkono wa mama hautagusa uchafu wa mtu tena. Ndilo jambo moja tu nililoliomba maishani. Moja tu." Mtu mzima aliyezoea kushindana na matairi ya lori, akalia mbele ya watu, mabega yanatikisika.

Hata Karani alitazama pembeni.

"Mkwe," Shemeji akamgeukia Fundi. "Unasemaje?"

"Mimi sina la kusema," Fundi alijibu. "Muulizeni mama. Yupo hapa, na mdomo anao."

Wote wakageukia kochi.

Mama Dobi alikuwa na maneno. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, ameyapanga kama nguo zilizopigwa pasi: nilimwomba mimi, nilifurahi, miguu yangu imerudi. Akafungua mdomo. Akamwona mwanawe anavyojifuta uso kwa kiganja, vile vile alivyokuwa akijifuta utotoni, na akaona kuyasema yale ni kumwambia mbele ya watu kwamba kiapo chake chote, na jasho lake lote, vilikuwa vinamlemaza mama yake. Maneno yakarudi yalikotoka.

"Yamekwisha," akasema. "Tusigombane, wanangu."

Fundi alimtazama, akisubiri. Alisubiri kama anayesubiri mtu amalizie sentensi. Haikumaliziwa. Basi akashuka kwenye stuli, akapiga goti pale mbele ya kochi.

"Nisamehe, mama. Nimekukosea."

"Nimekusamehe," Mama Dobi alijibu.

Neno lilimtoka kabla hajalisikia mwenyewe. Alipolisikia, Fundi alikuwa ameshainuka na kuwapa mgongo.

*

Baada ya hapo aliajiriwa mwanamke wa kumshika Mama Dobi mkono, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Alimwinua, alimketisha, alimwogesha, alimkata kucha. Alikuwa na mikono yenye nguvu na roho nzuri, na kila alipomwinua Mama Dobi, alikuwa anazichukua nguvu zile zile ambazo mama angezitumia kuinuka.

Msala nao ukawa mbali. Ikaletwa ndoo yenye kifuniko, ikawekwa nyuma ya pazia sebuleni. Wageni walipokuwapo Mama Dobi alijibana mpaka machozi yakamlengalenga, na walipoondoka mara nyingine alikuwa amechelewa. Fundi ndiye aliyefua nguo hizo. Alizifua vizuri, akazianua, akazikunja, akazileta. "Nguo zako hizi, mama." Heshima yake ilikuwa kamili, na ilikuwa baridi kama sakafu ya saruji asubuhi.

"Mwanangu," Mama Dobi alimwambia siku moja, "lete basi hata kitambaa kimoja nikunje nikiwa nimekaa."

"Mume wangu hataki, mama."

"Hayupo."

"Safari ile pia hakuwepo," Fundi akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Mapaja yakalegea, yakawa ngozi inayoning'inia. Usiku kujigeuza ikawa lazima aite. Lakini uso ulijaa kwa kukaa, ukawa laini, na watu wakamsifu Dereva. "Mama yako amenawiri! Hongera, ndugu yangu. Wangapi siku hizi wanawatunza wazazi hivi?" Dereva alizipokea hongera kwa unyenyekevu, kichwa kimeinama, na kwa kweli alikuwa amezilipia kwa mgongo wake barabarani.

Miguu ilipovimba, wakampeleka tena hospitali. Safari hii alibebwa. Dada wa Viungo alimwekea kile kiti cha mbao, akakiangalia, akakiondoa bila kumwambia ajaribu. Mama Dobi alikiona kinavyoondolewa.

"Nani alimkalisha?" Dada wa Viungo aliuliza.

"Ni umri," Dereva akasema.

"Kaka, umri haupiti haraka hivi. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa karibu kuinuka. Tunaweza kuanza tena, mtu hazeeki mpaka msuli ukakataa kabisa kujifunza. Ila sasa itakuwa polepole, na yote hayatarudi. Na ataanguka mara nyingine. Tutamfundisha namna ya kuanguka na namna ya kuinuka."

"Aanguke?" Dereva alicheka kicheko kibaya. "Nimemtunza mama yangu miaka yote hii, nije niwalipe watu wamwangushe?"

Fundi, aliyekuwa ameshika mkoba wa mkwewe, alitazama ngazi ile ya mbao isiyoenda popote.

*

Dereva akanunua kiti cha magurudumu. Ili akipate aliuza gurudumu la akiba la lori na saa yake ya mkononi, na hakumwambia mtu. Siku ya kukileta aliwaita wote: Shemeji, Karani, majirani, na mkuu wa idara pia, ambaye tangu siku ile alikuwa na haya kwa kuwa alimwita mama wa mwenzake msaidizi. Kiti kilikuwa kipya, nailoni bado imefunika mikono yake. Mwajiriwa akamwinua Mama Dobi, Dereva akashika upande wa pili, wakamshusha ndani. Dereva akapiga magoti, akazipandisha nyayo za mama yake mahali pake, mmoja, halafu mwingine, kama anayepanga vyombo kabatini. Watu wakapiga makofi.

"Mama hatasimama tena mpaka siku anaingia peponi!" jirani mmoja akashangilia, na wengine wakaitikia.

"Sema neno, mama," Shemeji akasema. "Mwombee mwanao. Amefanya makubwa."

Fundi alikuwa anapita na sinia la vikombe. Mama Dobi alimwona anavyopunguza mwendo, kisha akauongeza, kama mtu aliyejikanya kutarajia.

"Fundi hakunitumikisha," Mama Dobi akasema.

"Inua sauti, mama, hatusikii huku."

"Nimesema Fundi hakunitumikisha. Nilimwomba mimi. Alikuwa anaogopa, mimi ndiye niliyemsukuma. Mliponiuliza nilinyamaza, mtoto wa watu akapiga goti, na mimi nikasema nimemsamehe."

Vikombe viligongana kwenye sinia.

"Mama hajisikii vizuri," Karani akasema haraka, akimwangalia bosi wake. "Ni joto. Mpeni maji."

"Sina kiu."

Dereva alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya unyayo wa mama yake. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wa mama, na ulikuwa umeanza kuvunjika kama ule wa siku ya kikao. Safari hii Mama Dobi hakurudi nyuma.

"Mama," Dereva akanong'ona, "kitu gani sijakufanyia? Niambie. Ulitaka nini?"

"Nilitaka mniache nifue, mwanangu," alisema. "Nianguke, niinuke, nifue."